Paka Wawili wa Bi Mashavu

Paukwa?
Pakawa.
Sogeeni motoni, aliye mbali hasikii.
Tumesogea, tupe tusikie.

Hapo zamani za kale, paka walisema na watu, ila walikuwa na adabu yao: hawasemi mpaka waulizwe. Zama hizo aliishi mjane mmoja, msusi wa mikeka, jina lake Bi Mashavu. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa na paka wawili. Mkubwa ni Sharubu, paka jike mwenye heshima zake. Mdogo ni Kitimbi, dume aliyeokotwa sokoni ameloa chapachapa.

Bi Mashavu aliwapenda wote. Lakini alikulia katika nyumba ya magomvi, baba na mama wakirushiana vyungu, na mpaka uzeeni akisikia kishindo, moyo humwenda mbio.

Siku moja Kitimbi akamrukia Sharubu. Bingiri bingiri, mkekani. Sharubu juu, Kitimbi chini. Kitimbi juu, Sharubu chini. Bi Mashavu akashika ufagio, akawatenga. "Nyumba hii haina ugomvi," akasema.

Siku ya pili, bingiri bingiri. Ufagio. "Nyumba hii haina ugomvi."

Siku ya tatu Kitimbi akamkamata Sharubu shingoni kwa meno. Bi Mashavu hakuuliza. Alimtia Kitimbi tengani, akampeleka ng'ambo ya soko kwa shoga yake, Bi Saumu, mfuga mbuzi.

Nyumba ikatulia. Bi Mashavu akaweka maziwa, Sharubu akageuza uso. Akaweka dagaa, akageuza uso. Akaweka kichwa cha changu, uso ule ule ukageuka. Mbavu zikaanza kuonekana. Hapo ndipo alipouliza.

"Sharubu mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Huna njaa?"

"Ninayo."

"Mbona huli?"

"Nikishiba nitacheza na nani?"

Bi Mashavu akaweka chini ukili aliokuwa akiusuka. "Kucheza? Si alikuwa akikuuma?"

"Ulinisikia nikilia?"

"Sikusikia."

"Uliona damu?"

"Sikuona."

"Akiniachia, nilikuwa nikikimbia kujificha?"

Bi Mashavu akakumbuka. "La. Ulikuwa ukimfuata mwenyewe."

"Basi," akasema Sharubu, akalala.

Bi Mashavu hakungoja hata kujifunga ushungi vizuri. Akaenda mbio kwa Bi Saumu, akarudi na tenga, akalifungua katikati ya chumba huku akicheka peke yake.

Kitimbi akatoka. Sharubu akamnusa. Masikio yakalala nyuma, bapa kichwani. Mkia ukavimba. Mngurumo ukatoka kifuani, kisha khaaa, na kucha zikatoka. Kitimbi akalia kilio ambacho Bi Mashavu hakuwahi kukisikia, akajibanza nyuma ya mtungi, pua inachuruzika damu.

"Sharubu, humjui Kitimbi?"

"Simjui. Ananuka mbuzi wa watu."

Na nyuma ya mtungi, Bi Mashavu alipomuuliza Kitimbi anataka nini, sauti ndogo ilijibu, "Nirudishe nilikotoka, mama."

Maneno hayo yalimkata maini. Aliutazama ufagio, akauacha ulipo. Huu sasa ndio ugomvi, na yeye ndiye aliyeuleta.

Akamweka Kitimbi chumba cha ndani, akafunga mlango. Akachukua kitambaa, akampangusa Sharubu mashavuni, akakitandika alipolala Kitimbi. Akampangusa Kitimbi kwa kingine, akampelekea Sharubu. Chakula akakiweka pande zote mbili za mlango, kila mmoja ale akimsikia mwenzake akitafuna.

Bi Saumu akaja, akaona. "Shoga, utajichosha. Chagua mmoja, mwingine nipe mimi."

"Nimeshachagua, shoga. Wote."

Leo hivyo, kesho hivyo. Asubuhi moja Sharubu alikuwa amelala, pua kwenye upenyo chini ya mlango.

"Unanusa nini?" akamuuliza.

"Mama, kuna mtu humo ndani ananuka kama mimi."

Bi Mashavu akafungua kidogo. Sharubu akaingia taratibu. Akaitazama ile pua yenye kovu, akaanza kuiramba.

Haukupita muda mrefu, Bi Saumu amekuja kuchukua mkeka wake, mara bingiri bingiri, paka wale wakapita katikati ya miguu yake. Bi Saumu akaruka. "Watenge, shoga, wanauana."

"Tazama masikio," akasema Bi Mashavu, vidole vyake vikiendelea kusuka. "Yamesimama. Kucha zimefichwa. Na sikiliza, hakuna anayelia. Aliye chini, ngoja kidogo, atakuwa juu."

Wakatazama. Ikawa hivyo.

"Na wakizidi?"

"Nitawauliza."

Hadithi yangu imechoka, naiweka chini ilale. Tangu hapo wenye paka husikiliza kabla ya kushika ufagio, maana si kila kishindo ni vita, na anayecheza nawe huwa anakungoja uinuke. Mimi mwenyewe nilipita kwa Bi Mashavu, nikakalia mkeka wake mpya. Wale wawili wakanifanya uwanja. Anayebisha na aje aone manyoya kwenye shuka langu.