Kerubo Adai Historia ya Benki

Ushawahi kunyimwa kadi ya mkopo kwa kosa la kutodaiwa na mtu? Kerubo, digrii mbili, kazi hakuna, alinyimwa.

“Sista, huna historia,” alisema meneja wa benki, Mbithi. “Mtu ambaye hajawahi kukopa akalipa, tutamwamini vipi?”

“Hata akiwa mkubwa, boss?”

“Hata awe baba yangu.”

“Fair enough. Basi nipe pesa zote za chama cha akina mama wa soko tulizoweka hapa. Mweka hazina ni mimi. Miaka mitano mnazifanyia biashara, hamjawahi kuturudishia hata ndururu. Historia yenu ya kulipa iko wapi?”

Meneja aliagiza chai. Kadi ilifika kwanza.

Nyinyi mnaotunga masharti haya, tujibuni hadharani: asiyekopeshwa aitoe wapi hiyo historia?