Mashine Tatu na Kifusi cha Mama Kongoni

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipochimba dhahabu na kugombana na mashemeji kama sisi, aliishi mjane mmoja, Mama Kongoni. Marehemu mumewe alimwachia kifusi cha mchanga wenye dhahabu, basi. Kikioshwa vibaya, dhahabu yote itakwenda na maji, na watoto watalala njaa.

Mama Kongoni akatangaza: "Mwenye mashine bora ya kutenganisha dhahabu na mchanga atapata kazi, na nusu ya dhahabu ni yake!"

Wakaja watatu. Tembo na mashine kubwa kama nyumba, ngu-ngu-ngu! Kiboko na yake ya mapipa, bwata-bwata! Na Pimbi, yule mdogo wa majabalini, na ubao uliotandikwa blanketi kuukuu la kunasa dhahabu.

"We Pimbi, umekuja kulala?" Tembo akamcheka.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujaribu bahati. Kila mmoja aoshe gunia moja la mchanga, Mama aone."

"Kalete wewe hayo magunia!" Tembo akasema. "Wakubwa hatubebi."

Lo! Kiburi hicho. Pimbi akaenda, akarudi akiyakokota, jasho linamtiririka.

Tembo akamimina mchanga, akainama, akapiga chafya: Chyaaa! Karai la mashine yake likametameta. Kiboko akaitemea mate mashine yake kuibariki, kama desturi: Ptu! Karai lake likametameta zaidi. Pimbi akamwaga maji polepole, chururu, chururu. Blanketi tupu.

Wanyama waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Mama Kongoni akamhurumia, maana alishaanza kumpenda kwa adabu yake.

"Wazee wangu," Pimbi akauliza, "dhahabu hii imetoka mchangani?"

"Yote!" wakanguruma.

"Basi ni ya Mama?"

"Ya Mama! Kwani sisi wezi?"

"Mama, ipokee. Mchanga wa magunia haya nimeuchota kwenye matuta yako ya viazi."

"Viazi vyangu?" Mama Kongoni akashika kichwa. "Miaka yote nalima pale, sijaona dhahabu hata ya kuziba jino!"

Tembo akauficha mkonga aliopulizia dhahabu yake. Kiboko akafumba kinywa alimokuwa ameficha yake. Waidai vipi? Kudai ni kukiri. Wakasukuma mashine zao, eti wamekumbuka msiba.

Mama Kongoni hakuwa mjinga. Akamletea Pimbi mchanga wa kifusi chenyewe. Chururu, chururu... Blanketi likang'aa!

Akapiga magoti, machozi yakamtoka. "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana. Nawe ungeweza kunidanganya, lakini ukakubali kuchekwa. Wanangu watakula kwa sababu yako. Mungu akuzidishie!"

"Inuka, Mama," Pimbi akasema kwa haya. "Twende tukaoshe, maji yasije yakakauka."

Nanyi watoto, shikeni hili: anayekwambia hakuna pasipo na kitu, ndiye wa kumwamini akisema kipo.