Zimwi Aliyemtafuta Jirani

Nyamazeni niseme; anayepiga miayo akalale.

Palikuwa na Mashavu, mwanamke mwenye kijicho. Mahindi ya jirani yake Nakiete yalinenepa, yake yakadumaa, ingawa mifereji yao ilitoka chemchemi moja. Akamwendea zimwi mwenye chemchemi.

"Mnyime maji jirani yangu!"

"Jina lake?"

"Halipiti kinywani mwangu!"

Mara tatu zimwi akauliza, mara tatu Mashavu akasonya. Basi zimwi akaenda kijijini, akabisha kwa Nakiete.

"Mama, namtafuta jirani."

"Jirani? Si Mashavu huyo, nyumba ile!"

Zimwi akashukuru, akaukausha mfereji wa Mashavu.

Tangu hapo Mashavu huchota maji kwa Nakiete, na kila akija hukaribishwa uji. Huo uji ndio unaomuua kwa aibu.

Nimemaliza. Mwenye jirani akamsalimie.