Mkanda Mpya Nao Ulilia

Ninyi mlio karibu na mlango sogeeni mbele kidogo, nafasi zipo. Leo sitaki kupaza sauti. Nataka kuwasimulia habari ya gari.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye gari la zamani. Nikisema la zamani namaanisha gari ambalo kama lingekuwa mtoto, lingekuwa limeshapiga kura. Lakini lilikuwa linatembea, na alilipenda, na kila Jumapili aliliosha kwa mkono wake kabla ya kuja ibadani. Lilikuwa na kasoro moja tu. Ukifungua boneti, kule mbele kuna mkanda wa mpira mweusi unaozungusha vitu vya injini. Ule mkanda ulikuwa unalia. Akiwasha gari asubuhi, kwiiii! Mtaa mzima unaamka. Akikata kona, kwiiii! Akipanda kilima ndiyo usiseme. Watoto wa jirani wakawa wanamwigiza akipita.

Aliona aibu sana. Sasa kuna dawa ya mitaani, na humu ndani najua mpo mnaoitumia, msinitazame hivyo. Unachukua kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, unaupaka mkanda kwa upande wa ndani. Kimya! Unaondoka kifua mbele kama umetoka dukani na gari jipya. Baada ya siku chache kelele zinarudi, unapaka tena. Bwana yule alipaka mpaka mkewe akawa anashangaa sabuni ya nyumba inakwenda wapi.

Na huyo mkewe naye, kwa maneno ya mumewe, alikuwa na kelele. Sitampamba. Alikuwa anagomba kweli. Anagomba asubuhi mume anapovaa viatu, anagomba jioni mume anapovua viatu, na sauti inafika hadi kwa majirani. Nyumbani mle alikuwepo pia baba mzazi wa yule bwana, mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye hawezi hata kujigeuza kitandani. Mume akawa anasema, "Na mgonjwa yumo ndani, huyu mwanamke hana hata haya."

Mashangazi wa mume walikuja. Wakamweka mama yule katikati, wakamsema kwa upole na kwa ukali. "Mwenzetu, punguza sauti. Mwanamume hasemwi hivyo." Akawaitikia, akanyamaza, nyumba ikatulia. Baada ya muda mfupi akaanza upya.

Basi mume akachoka. Akaamua kumrudisha mkewe kwao akafundwe tena. Hiyo desturi mnaijua. Mwanamume anampeleka mke kwa wazazi wake, anasimama mbele ya wajomba, anasema, "Binti yenu huyu, mfundeni upya, akishafundika nitamfuata." Na mnajua pia ni wangapi waliowahi kufuatwa. Akina mama, mnajua au hamjui?

Mama yule alijua. Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi alipanda gari akiwa na begi mapajani na hakusema neno. Mzee walimwachia jirani akae naye siku ile. Na yule mke mwenye kelele akakaa pale mbele, macho yamevimba, anatazama nje dirishani.

Gari tu ndilo lililosema. Kwiiii, tangu wanatoka getini! Walipofika kwenye mlima wa kwanza, mume akasimamisha, akafungua boneti, akaita, "Mama Ombeni, una sabuni humo kwenye begi?"

Mkewe akafungua begi. Sabuni aliyoifunga kwenda nayo kwao, sabuni ya kuogea ya mwanamke anayefukuzwa, akamkabidhi. Mume akaupaka mkanda, wakaenda kimya kidogo, kisha ukalia kuliko mwanzo, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

Safari hii mume alishuka amekasirika. Lakini alikuwa mtu wa kujiandaa, kwenye buti alikuwa na mkanda mpya kabisa na spana zake. Akaufungua ule wa zamani, akautupa mtaroni, na juu ya hapo akautukana. "Kelele zako ndiyo mwisho leo!" Akafunga ule mpya. Akawasha. Kimya, kimya kitamu kabisa. Akamtazama mkewe na kusema, "Unaona? Kitu kikizoea kelele, dawa yake ni kukibadilisha."



Wakaenda. Wakaingia mlima wa pili, nao ulikuwa mrefu. Walipokuwa wanagusa kilele, ndugu zangu, mkanda mpya, mkanda uliotoka kwenye nailoni yake muda si mrefu, ukapiga kwiiii!

Bwana yule akapiga usukani kwa kiganja. "Mpya! Huu ni mpya!"

Hapo ndipo mkewe alipofungua kinywa. Hakugomba. Alisema taratibu, bado anatazama nje. "Baba Ombeni, na huyo mwanamke mpya utakayemleta, naye atalia hivihivi."

Mume akashuka. Akazunguka mbele, na sijui kama ni hasira au ni Mungu, safari hii hakuushika mkanda kutafuta kosa lake. Aliuvua, akauning'iniza begani. Kisha akaanza kuzungusha kwa mkono vile vigurudumu ambavyo mkanda unapita juu yake. Mafundi wanaviita puli. Cha kwanza kikazunguka laini. Cha pili kikazunguka laini. Akafika kwenye kile kidogo cha pembeni, kile kinachoukaza mkanda, akakizungusha. Kikagoma. Akakikazia mkono, kikasogea kidogo kwa mkwaruzo, kikasimama. Beringi ya ndani, ile inayokifanya kizunguke, ilikuwa imekufa, na ilikufa zamani.

Mnaelewa alichokiona? Mkanda haukuwa na kosa. Wa zamani haukuwa na kosa, na mpya haukuwa na kosa. Ulikuwa unaburuzwa siku zote juu ya kitu kilichokataa kuzunguka. Ulikuwa unaungua, na ulipoungua ukalia, na kila ulipolia ukapakwa sabuni.

Bwana yule alisimama pale kando ya barabara na mkanda begani kwa muda mrefu, malori yanapita. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kuchekwa na watoto wa jirani. Kisha akaenda dirishani kwa mkewe. Walikuwa wameoana miaka mingi, mtoto wao yuko shule ya bweni, na hili ndilo swali ambalo hakuwahi kumuuliza hata siku moja.

"Mama Ombeni, hivi wewe unalia nini?"

Mama yule akamtazama kwa mshangao. Akasema, "Tangu mzee aanguke, wewe hujamgeuza hata mara moja. Hujamwosha. Mgongo wangu umekwisha. Nikikwambia asubuhi unafunga kamba za viatu. Nikikwambia jioni unawasha redio. Nikasema labda husikii, nikapaza sauti." Kisha akamuuliza yeye, "Na leo umenileta huku. Kesho asubuhi baba yako atageuzwa na nani?"

Ndugu zangu, hakuwa amefikiria. Hata kidogo! Mwanamume alikuwa njiani kwenda kuutupa mkanda ulioibeba nyumba yake yote, na hakuwa amejiuliza kesho nyumba itazungushwa na nini.

Akasema, "Nisamehe mke wangu. Kilichogoma ni mimi."

Mungu ni mwema, kituo kidogo chenye fundi hakikuwa mbali, na kutoka pale ni mteremko mtupu, wakaacha gari lijishukie taratibu. Fundi akatoa ile beringi iliyokufa, akaweka nzima, akarudisha mkanda. Gari likawashwa. Nawaambia, lilinguruma kwa upole mpaka bwana yule akacheka peke yake kama aliyepona ugonjwa. Kisha akaligeuza. Hawakufika kwa wajomba. Wajomba mpaka leo hawajui kwamba siku ile nusura waletewe mtu.

Na mama yule, gari lilipogeuka, alivuta pumzi ndefu. Aliliondoa begi mapajani, akalitupa kiti cha nyuma, akalala usingizi njia nzima mdomo wazi. Usingizi wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Jioni ile bwana alimgeuza baba yake mwenyewe. Alimgeuza vibaya, tena kwa upande mbovu, mzee akang'aka, "We, unanivunja!" Mkewe akasimama mlangoni akacheka mpaka akashika fremu. Kisha akaja akamwonyesha mkono unapita wapi. Asubuhi iliyofuata bwana akamgeuza vizuri, na mzee akamshika mkono akasema, "Mwanangu, nilidhani unaniogopa." Bwana yule, mtu mzima, akalia.

Mtaniuliza, je, mama aliacha kelele? Jamani, ni binadamu. Chumvi ikiisha bado anagomba. Lakini kile kilio cha kuungua kilikwisha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alinyamaza kwa sababu kitu kilianza kuzunguka.

Sasa niseme na sisi, maana gari halikuja kanisani, tumekuja sisi. Sisi ni mafundi wakubwa wa sabuni. Mtoto akilia kila siku shule inapokaribia, tunamwambia mtoto mzuri halii. Je, nani kati yetu amemuuliza kuna nini kule shuleni? Mzee wetu akilalamika kila tukimtembelea, tunampa nguo mpya na kukimbia. Kijana akipaza sauti kwenye mkutano, tunasema hana adabu, na tunapiga makofi akishaketi. Halafu tunamshukuru Mungu kwa amani. Amani gani hiyo? Harufu ya mpira unaoungua tunaisikia, tunafungua dirisha!

Na mimi nawaambia habari njema, maana habari hii ni njema. Kilichoharibika mara nyingi ni kidogo. Kinatosha kwenye kiganja. Kinabadilishwa mchana mmoja, na watu wanarudi nyumbani wamelala usingizi garini. Wengi wenu hapa hamjafika kwa wajomba bado. Mko kwenye mlima wa pili. Mnaweza kugeuza.

Basi tuanze sisi tunaoongoza. Wazee wa baraza, kesho jioni tulikubaliana kwenda kwa dada yetu mmoja wa hapa usharikani, sitamtaja, kumwonya kuhusu mdomo wake. Safari iko palepale, saa ileile. Ila tukishaketi, atakayezungumza ni yeye, na sisi hatutafungua kinywa mpaka amalize. Tusimameni tuombe.