Magoti ya Bibi Unaysa

Katika yale tuliyoyapokea kwa masheikh wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Iraki uliopitiwa na mto aliishi dalali aitwaye Wahibu bin Rafii. Hakuwa dalali wa nguo wala wa punda. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wazee mahali pa kutibiwa. Palikuwa na Nyumba ya Tiba ya Tabibu Mattar, ambako mzee hutoa fungu lake kila mwanzo wa mwaka, na akiugua, tabibu humwendea mpaka kitandani na kumpa dawa bila kumdai kitu kingine. Wahibu ndiye aliyewaingiza wazee katika Nyumba hiyo, na kwa kila mmoja aliyebaki alipewa ujira mdogo, mwaka hadi mwaka. Mzee akiondoka, ujira wake nao huondoka.

Wengi wa wazee hao walikuwa wajane wenye kujisitiri, kwa hiyo Wahibu alifanya kazi yake yote nje ya mlango. Hawakuijua sura yake, waliijua sauti. Ilikuwa sauti nzuri, naye alijua kuwa ni nzuri, Mwenyezi Mungu amsamehe. Tena alikuwa na ada yake: hubisha mara moja tu, kisha akasubiri, kwa kuwa alijua mtu mzima hainuki mkekani kwa kuruka.

Mlango alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Bibi Unaysa, ajuza aliyeishi peke yake na fimbo yake. Wahibu akibisha na kusubiri, husikia fimbo ikija polepole, kisha huuliza, “Bibi, magoti yameamkaje?”

“Yameamka, mwanangu. Mwenyewe ndiye bado,” hujibu Bibi Unaysa. Hapo wote wawili hucheka kana kwamba maneno hayo hayajawahi kusemwa. Kisha hufunguka kidirisha kidogo cha mlangoni, na mkono uliokunjamana hutoa konzi ya tende.

Sasa Wahibu alikuwa na mke, Lubaba, aliyempenda mapenzi ambayo hakuweza kuyaficha, hata majirani wakamfanyia dhihaka. Na jambo moja lilimkereketa moyoni. Lubaba alichota maji mtoni, akapanda nayo mteremko mrefu hadi kwenye chumba chao cha kupanga, na bega lake moja lilikwisha anza kushuka. Mwisho wa kichochoro chao palikuwa na nyumba ndogo iliyokuwa ikiuzwa, yenye kisima uani. Lubaba hakuwahi kuiomba nyumba ile. Ila kila akifika mbele yake, hupunguza mwendo. Wahibu aliuona ule mwendo ukipungua kila siku, na ulimuuma kuliko kama angeombwa.

Ndipo tajiri mmoja akafungua nyumba mpya ya tiba ng'ambo ya mto, akawaita madalali wote. Akawaambia, “Kila mzee mtakayeniletea, mtapokea ujira wenu wote siku ile ile, tena mnono. Baada ya hapo hamna fungu kwake, wala hamna shughuli naye.” Akawapa na maneno ya kukariri, matamu, yasiyompa msikilizaji nafasi ya kuuliza swali. Madalali wakayahifadhi, wakatawanyika mjini, na wazee wakaanza kuhama makundi kwa makundi.

Wahibu alipiga hesabu zake. Akiwahamisha wazee wake, basi kabla ya Ramadhani Lubaba atateka maji uani kwake mwenyewe. Lakini alilijua pia lile ambalo maneno matamu yaliliacha: tabibu wa nyumba mpya havuki mto. Mgonjwa ndiye hubebwa akatiwa mashuani, akavushwa. Nafsi ikamwambia, “Huenda wasiugue.” Naye akaisikiliza.

Akaanza na Bibi Unaysa, na katika hilo ndimo mlimokuwa na aibu kubwa zaidi, kwani alimchagua kwa sababu alijua kuwa anampenda na hatamkatalia. Siku hiyo alikuwa na haraka. Akabisha, akabisha tena, akabisha mfululizo, na kabla fimbo haijafika mlangoni alikwisha anza kuyamwaga maneno aliyoyakariri.

“Nani wewe?” sauti ya Bibi Unaysa ikamkata.

“Ni Wahibu, Bibi.”

“Muongo! Sauti umeiiga vizuri, lakini Wahibu habishi kama askari wa liwali, wala hajaanza hata siku moja na biashara kabla ya kuniuliza magoti yangu. Nenda zako. Na ukimwona Wahibu, mwambie kuna mtu anazunguka mjini na sauti yake.”

Fimbo ikarudi ndani. Wahibu akabaki amesimama, jasho linamtoka, akajiona mgeni mbele ya mlango aliouzoea kuliko wa kwao. Akaketi kizingitini. Akaketi hapo hata adhana ya Adhuhuri ikapita, akaenda kuswali, akarudi. Kisha akabisha mara moja, akasubiri.

“Bibi, magoti yameamkaje?”

“Alhamdulillahi, Wahibu! Umechelewa, mwanangu. Alikuwapo hapa mtu mmoja, laiti ungemsikia!”

Ndugu yangu, hebu simama na Wahibu hapo mlangoni. Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Angesema tu, “Mungu amlaani mwizi huyo,” angepewa tende zake, na asingejua yeyote isipokuwa Yule asiyefichwa kitu. Akapiga moyo konde.

“Mtu yule alikuwa mimi, Bibi.”

“Wewe? Ulitaka nini kwangu?”

“Nikuhamishie ng'ambo, kwenye nyumba mpya.”

“Huko ni bora?”

“Ni bora kwangu mimi. Kwako si bora. Tabibu wao havuki mto.”

“Nini kimekufikisha huko, mwanangu?”

Akamweleza yote, kisima, mteremko na bega la Lubaba, huku sauti yake nzuri ikitetemeka. Bibi Unaysa akamsikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

“Nenda kamwambie mkeo kama ulivyoniambia mimi,” akasema. “Leo sikupi tende. Umeniumiza. Njoo kesho.”

Na kidirisha hakikufunguka.

Wahibu akarudi nyumbani, akamkuta Lubaba ndiyo kwanza anatua mtungi. Akamsimulia bila kuficha neno. Lubaba akamtazama.

“Kwani mimi nilikuomba kisima, bwana wangu?”

“Hukuniomba. Lakini kila ukipita pale hupunguza mwendo.”

“Napunguza mwendo kwa sababu pale pana kivuli!” Lubaba akasema, akacheka hata machozi yakamtoka. Kama ilikuwa kweli au alimsitiri mumewe tu, Wahibu hakupata kujua maisha yake yote. Kisha Lubaba akasema kwa upole, “Maji ya kisima hicho ningeyatawadhiaje, nikasimama mbele ya Mola wangu, na bibi wa watu anavushwa mto akitetemeka kwa homa?”

Wahibu alichukua mtungi, akashuka nao mtoni yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuuacha. Wanaume wa kichochoro wakamcheka sana, naye akacheka nao huku maji yakimlowesha. Nyumba yenye kisima ikanunuliwa na dalali mwingine.

Miaka ikapita. Wahibu akaendelea na ujira wake mdogo na milango yake ile ile. Kisha majira ya baridi ya mwaka mmoja akashikwa na maradhi ya koo, na sauti ikapotea kabisa. Lubaba akamnywesha asali na habasoda, isirudi. Na mwaka mpya ulikuwa unaingia, wakati wa wazee kuamua kubaki au kuondoka. Wahibu akaingiwa na hofu kuu. Watu waliomjua kwa sauti tu, atawaambia nini, naye hana sauti? Nani atamfungulia bubu asiyemjua?

Akaenda kwa Bibi Unaysa, ambaye sasa alikuwa mkongwe sana. Akabisha mara moja, akasubiri. Alisubiri muda mrefu. Fimbo ikaja, ikisimama na kuanza tena.

“Nani?” akauliza bibi.

Wahibu akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akaegemeza paji la uso mlangoni, machozi yakimtiririka.

Kisha sauti ikasema kutoka ndani, “Magoti yameamka, Wahibu. Mwenyewe ndiye bado.”

Kidirisha kikafunguka, na mkono ukatoka na konzi ya tende.

“Unashangaa nini?” akasema Bibi Unaysa. “Katika mji wote huu, nani mwingine anayenisubiri mpaka nifike mlangoni?”

Wasimulizi hawakutaja kama Wahibu alipona. Wametaja tu kwamba mwaka ule hakuna mzee wake hata mmoja aliyeondoka, na kwamba zile tende alimpelekea Lubaba zote isipokuwa moja, aliyoila njiani. Mola wetu, tujaalie tuwe watu wa kuwasubiri wanyonge milangoni mwao, nawe utufungulie mlango Wako siku ambayo vinywa vyetu havitaweza kusema.