Kiboko na Ua wa Mnyaa

Hapo zamani za kale, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzio, wanyama walilima na kupika kama sisi. Bi Kindi, mjane mwenye watoto wadogo, alikuwa na bustani ya karanga iliyozungushiwa ua wa mnyaa. Hakuwa na kingine cha kuwalisha wanawe.

Siku moja akaja Kiboko, ti! ti! ti!, pamoja na shemeji yake Nyati.

"Kindi, hama! Bustani hii ni ya marehemu babu yangu."

"Kweli kabisa," Nyati akadakia. "Nilimwona akiupanda ua huu kwa mikono yake."

Mwongo mkubwa! Nyati hakuwahi kumwona babu huyo akipanda hata mchicha.

Mjumbe Bata akaitwa aamue. Maskini, alitetemeka tu, maana Kiboko akipiga mwayo, Bata mzima anaenea mdomoni.

Watoto wakalia. Kindi hakulia.

"Mjumbe," akasema taratibu, "ua umeota ovyo. Mwenye ua ndiye anayeupogoa. Bwana Kiboko aupogoe mbele yetu. Akimaliza salama, nafungasha vyangu."

"Kazi hiyo tu? Hahaa! Shemeji, tuingie!"

Hawakuomba hata panga. Kiboko akauma matawi, kacha! kacha! Nyati akasukuma kwa pua. Utomvu mweupe ukawarukia, chwii!

"Mnaona?" Kiboko akajigamba, akijipaka usoni. "Babu alipanda maziwa!"

Punde akajikuna shavu. Kisha shingo.

"Shemeji, nawashwa."

"Hata mimi. Yalaa, macho! Naungua!"

Ngozi zikavimba, zikatoka malengelenge.

Bata akapata sauti. "Kwaa! Umerithi mnyaa, hujui kuwa utomvu wake unaunguza?"

"Msijikune!" Kindi akawapigia kelele, maana hakuwa na roho mbaya. "Wala msifikiche macho! Kimbilieni mtoni, mjioshe kwa maji mengi!"

Wakatimua mbio, wakigongana. Chubwi! Chubwi!

"Sasa wewe, Bi Kindi," akasema Bata. "Haki ni haki. Pogoa."

Kindi akaviringisha majani ya mgomba mikononi, akasimama upande unakotoka upepo, akakata tawi moja moja mpaka akamaliza. Hakuwashwa hata kidole.

"Bustani ni yako," akasema Bata, na watoto wakaenda kung'oa karanga.

Mwongo huumbuliwa na kitu kile kile anachodai ni chake.