Karatasi Zilizolowa

Elinaza alikuwa na mbao mbili, mikanda ya ngozi na miezi mitatu. Bonde alikozaliwa, huko Upare, lilikuwa linajengewa bwawa, na watu walikwisha kuhamishiwa mlimani, yeye na mkewe wakiwamo. Wataalamu wa mimea wakampa kazi ya kuchuma mmea mmoja wa kila aina kabla maji hayajafika, na kuukausha, ili watakaozaliwa baadaye wajue bonde lile lilikuwa na nini.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unalaza mmea kati ya magazeti, unapanga mwingine juu yake, unabana kwa mbao na kuvuta mikanda. Kisha kila siku unafungua, unatoa karatasi iliyolowa, unatia kavu. Kubana anaweza yeyote. Kufungua ndiko kwenye kazi.

Siku ya pili Elinaza alifungua. Alichokutana nacho kwanza ni ua la zambarau alilolichuma kando ya kaburi la mama yake, aina ambayo hakupata kuiona penginepo. Jana lilikuwa limesimama. Leo limelala, limesinyaa, linatoa maji kama kidonda. Akashindwa kulitazama. Akafunga, na tangu siku hiyo hakuzigusa tena karatasi za chini. Kila alichochuma alikipanga juu yake, akakaza.

Waliopita walimsifu. Walisema mzigo wake umenyooka, na kwamba kweli mwanamume amejikaza.

Wiki ya tatu chumba kikaanza kunuka. Mkewe, Nakunda, akasimama mlangoni akamwambia, "Baba Eliapenda, karatasi zinalia maji. Fungua, hata kama inauma."

Elinaza akaenda nje, akarudi na jiwe, akaliongeza juu ya ubao.

Maji yakapanda, yakalifunika kaburi. Wataalamu walipokuja kuchukua mzigo, ilibidi mikanda ikatwe kwa kisu. Ndani palikuwa na ukungu mweusi toka chini hadi juu. Jani na gazeti vimekuwa kitu kimoja. Lile ua lilitoka mkononi mwake kama tope. Elinaza alikimbilia bondeni kuchuma jingine, kama mtu aliyerukwa na akili, akafika ukingoni akasimama. Maji yalikuwa yametulia. Alikaa pale hadi Nakunda alipomfuata.

Ndugu zangu, najua wengi wenu mmeketi hapa na misiba yenu, na mmeambiwa mjikaze, mkajikaza. Tunapenda sana kufunika kombe mwanaharamu apite. Huyu wa msiba hapiti, maana tumemfunika humo humo. Na uzito, hata ungekuwa wa mlima, haujapata kukausha kitu.

Nawe, lile ulilolibana tangu siku ya mazishi, umelifungua mara ngapi?